Je, Msikiti wa Süleymaniye uliigwa kutoka Hagia Sophia?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo kutoka Tanga. Nilikwenda Istanbul kuchukua mzigo, hoteli yetu ikawa Laleli. Siku ya mwisho tukapanda kilima, tukaswali Adhuhuri Süleymaniye. Nilikaa nyuma, upande wa wanawake, nikaangalia juu mpaka shingo ikauma. Kuba lile limeshikwa na nini? Karibu yetu kulikuwa na mwongoza watalii akiwaambia watu wake kwamba Waturuki waliiga tu kanisa la Hagia Sophia. Nikaudhika, lakini sikuwa na la kumjibu. Ni kweli? Na mbona misikiti yetu ya kale ya pwani haina makuba kama yale?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa shingo. Nami mara ya kwanza iliniuma hivyo hivyo, mpaka mzee mmoja wa pale akanionyesha kwa ishara kwamba nilale chali juu ya zulia. Nikalala. Ndiyo namna nzuri ya kuliangalia, kama hakuna jamaa inayoswali.

Huyo mwongozaji hakusema uongo mtupu. Ukiweka ramani za majengo hayo mawili bega kwa bega utauona undugu: kuba moja kubwa katikati, mihimili minne minene ya mawe inayolibeba, nusu kuba mbele, nusu kuba nyuma, na ubavuni matao mawili makubwa yaliyozibwa kwa kuta zenye madirisha. Hagia Sophia ilikamilika mwaka 537, enzi za Kaisari Justinian. Süleymaniye ilijengwa kati ya 1550 na 1557 kwa amri ya Sultan Suleiman. Miaka elfu moja na ushei imepita katikati, na aliyekuja nyuma alimwona vizuri aliyetangulia. Tangu 1453, Waturuki walipouteka mji, Hagia Sophia ilikuwa msikiti, na mafundi wa sultani waliswali ndani yake. Ila mwanafunzi anayeibia mtihani huchukua jibu la mwenzake. Sinan, msanifu wa Süleymaniye, alichukua swali.

Swali lenyewe ndilo hilo lako: kitu cha duara, kizito, kitakaaje juu ya chumba cha mraba bila kuanguka?

Chukua kawa la kufunikia chakula, uliweke mezani, kisha ulikandamize kileleni kwa kiganja. Utaona ukingo wa chini unataka kutanuka. Kuba nalo ni hivyo hivyo, tena halingoji mtu wa kulikandamiza, uzito wake wenyewe unatosha. Kuba la Süleymaniye ni la matofali ya kuchoma, limefunikwa kwa mabamba ya madini ya risasi, na kipenyo chake ni kama mita 26 na nusu. Usiku na mchana linasukuma kwenda nje. Kawa halipasuki kwa sababu msusi amezungusha ukili, mshono juu ya mshono, ukalibana. Kuba la matofali halina ukili. Lazima pawe na kitu kizito kando yake kinachokataa kusukumwa.

Hagia Sophia ndiyo iliyolipia somo hilo. Kuba lake la kwanza lilikuwa bapa mno, likaporomoka mwaka 558, miaka 21 tu tangu kufunguliwa. La pili lilipandishwa juu zaidi ili msukumo wa ubavuni upungue, na bado sehemu zake zilianguka tena katika karne ya 10 na ya 14. Ukilizunguka jengo lile kwa nje leo unaona viegemeo vya mawe vimesongamana kama watu wanaozuia lori lisiserereke mlimani. Sasa sikiliza: baadhi ya viegemeo hivyo aliviweka Sinan, alipopewa kazi ya kulikarabati jengo katika miaka ya 1570. Huyo anayeitwa mwigaji ndiye aliyelisaidia lile la kwanza liendelee kusimama.

Sinan hakuanza kama msanifu. Alizaliwa karibu mwaka 1490 katika familia ya Kikristo, kijiji cha Ağırnas karibu na Kayseri, akachukuliwa katika utaratibu wa dola wa kukusanya vijana wa Kikristo, wakasilimu na kutumikia jeshi na ikulu. Akawa askari. Vitani kazi yake ilikuwa madaraja, mashua na ngome, vitu ambavyo ukikosea hesabu watu wanakufa mbele ya macho yako. Alipofanywa mkuu wa wasanifu wa dola, mwishoni mwa miaka ya 1530, alikuwa karibu na umri wa miaka 50. Alikaa kwenye cheo hicho mpaka alipofariki mwaka 1588, chini ya masultani watatu, na majengo yanayohesabiwa kuwa yake ni mamia. Ndiyo maana akishughulikia kuba hafikirii kwanza urembo. Anafikiria mzigo unakwenda wapi.

Ufuate mzigo wenyewe, tangu juu. Kuba linakaa juu ya matao manne. Kati ya tao na tao, pale kwenye kona, pamejazwa pembetatu iliyopinda kama kipande cha ganda la chungwa, ncha chini, upana juu. Pembetatu nne zikikutana kwa juu, mraba umekuwa duara. Kwenye mstari wa kibla, yaani mbele yako na nyuma yako ulipokaa, msukumo unapokewa na nusu kuba mbili. Zile nusu kuba nazo zinaegemea makuba madogo zaidi, na hayo yanaegemea kuta. Ukiwa ng'ambo ya Pembe ya Dhahabu, ule mkono wa bahari ulio chini ya kilima, unaona paa linateremka hatua kwa hatua kama maji yanayotiririka kwenye ngazi. Juu ya mihimili minne kuna vijinara vizito vilivyoishia kwa vikuba vidogo. Watalii hudhani ni mapambo. Ni mawe ya kukandamizia: uzito wake unaulazimisha msukumo wa kuba ugeuke uelekee chini, ardhini, badala ya kwenda nje.

Ubavuni ndiko kwenye kazi hasa, na kama una nafasi ya kukumbuka jambo moja tu katika barua hii, likumbuke hili. Upande wa kulia na wa kushoto hakuna nusu kuba. Kuna tao kubwa na ukuta wa madirisha, basi. Hapo lazima viwepo viegemeo, na Hagia Sophia imeviacha nje vimejitokeza. Sinan aliviingiza ndani ya ukuta wenyewe: nusu imetokeza ndani, nusu imetokeza nje. Ndani akavifunika kwa roshani. Nje, katika nafasi iliyobaki kati ya kiegemeo na kiegemeo, akajenga vibaraza vya ghorofa mbili vyenye matao, na chini yake akaweka safu ya mabomba ya udhu. Mtu anakaa pale anavua viatu, anakunja mikono ya kanzu, anatawadha, na mgongo wake umeelekea kitu kinachozuia kuba zima lisifunguke. Wala hajui.

Halafu kuna suala la safu. Kanisa la zama zile lilihitaji urefu: maandamano ya mapadri kuelekea madhabahuni, na watu wengi kando, nyuma ya nguzo. Ndiyo maana Hagia Sophia ina safu za nguzo kila upande, na ukiwa kule pembeni unaona vipande tu vya ukumbi mkubwa. Swala inataka upana. Safu ya kwanza ina fadhila zake, na kila safu inataka ienee kutoka ukuta hadi ukuta bila kukatwa. Kati ya mihimili minne ya Süleymaniye, Sinan aliweka nguzo mbili tu za graniti kila upande, ndefu, zilizoachana sana. Pembeni akaezeka kwa makuba matano, kubwa na dogo kwa zamu, na kuyanyanyua juu ili mwanga uingie. Ukumbi umekuwa karibu mraba kamili, mita 59 kwa 58 hivi. Wewe ulikuwa umekaa nyuma kabisa, na bado naamini uliuona ukuta wa kibla kutoka kona hadi kona. Ungekaa pembeni mwa Hagia Sophia usingeuona.

Tena kuna hoja ya tarehe, ambayo ungeweza kumjibu nayo papo hapo. Waosmani, yaani Waturuki wa dola ile ya masultani, hawakujifunza kujenga makuba baada ya kuiteka Constantinople, jina la kale la Istanbul. Huko İznik kuna kijimsikiti cha Hacı Özbek cha mwaka 1333, chumba kimoja na kuba moja. Bursa ilikuwa na Ulu Cami yenye makuba 20 tangu mwisho wa karne ya 14. Na Edirne, msikiti wa Üç Şerefeli wenye kuba la mita 24 ulikamilika 1447, miaka 6 kabla ya Hagia Sophia kuingia mikononi mwao. Mita 24 dhidi ya 26 na nusu za Süleymaniye: njia ilikuwa imeshatembewa. Walipolipata lile jengo kubwa la Justinian walikuta ndani yake majibu ya maswali waliyokuwa tayari wanayauliza.

Kwa nini basi Sinan akarudia mpango wa nusu kuba mbili? Maana miaka michache nyuma, katika msikiti wa Şehzade uliokamilika 1548, alikwishajenga wenye nusu kuba nne, uliolingana pande zote. Hapa nadhani jina la mwenye msikiti lina neno. Inasimuliwa kwamba Justinian alipoingia Hagia Sophia alijisifu kuwa amemshinda Suleiman, yaani nabii mjenzi wa hekalu la Jerusalem. Miaka elfu baadaye akaja Suleiman mwingine, katika mji huo huo. Zile nguzo nne za graniti zinatajwa kuwa zilitoka mbali na karibu: moja Alexandria, moja Baalbek, mahali ambapo masimulizi yalipahusisha na Nabii Suleiman, na mbili katika mji wenyewe wa Istanbul. Sultani alitaka mtu akiingia alitaje lile jengo lingine. Fundi alitaka mtu huyo aone kilichorekebishwa. Katika kuba ameandika aya ya 41 ya Surat Fatir, kwamba Mwenyezi Mungu ndiye anayezizuia mbingu na ardhi zisiondoke. Katika mji ambao kuba maarufu kuliko yote limeshaanguka mara tatu, sioni kama aya ile ilichaguliwa ovyo.

Sinan mwenyewe anasimuliwa kuwa aliita Şehzade kazi yake ya uanagenzi, Süleymaniye kazi ya ufundi, na Selimiye ya Edirne, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1570, kazi ya umahiri. Selimiye ina kuba la mita 31 na zaidi, juu ya mihimili minane, na hapo undugu na Hagia Sophia karibu umetoweka. Ukipata siku moja ya ziada, Edirne si mbali kwa basi.

Minara nitaipita haraka kwa sababu watu huipenda kuliko inavyostahili. Ni minne, miwili mirefu na miwili mifupi, na roshani za muadhini jumla ni 10. Husemwa kwamba minne ni kwa kuwa Suleiman alikuwa sultani wa nne tangu kutekwa kwa mji, na 10 ni kwa kuwa alikuwa wa kumi tangu Osman. Hesabu inakubali. Mmoja unaitwa mnara wa vito: eti Shah wa Uajemi aliposikia ujenzi umesimama alituma kasha la vito kwa dharau, sultani akaamuru visagwe vichanganywe kwenye chokaa. Hadithi tamu, tuiache hapo.

Ile nyingine, kwamba sultani alimkuta Sinan anavuta shisha katikati ya msikiti, huenda mwongozaji aliwasimulia pia. Eti hakuwa na tumbaku, alikuwa anasikiliza mlio wa maji ili apime mwangwi. Tumbaku ilienea katika nchi za Waosmani mwanzoni mwa karne ya 17, na Sinan alikufa 1588. Lakini kiini cha hadithi ni cha kweli: sauti ilishughulikiwa. Ndani ya kuba kumepachikwa mitungi ya udongo, midomo ikielekea chini, ili sauti ya imamu ifike nyuma bila kuvurugika.

Moshi nao uliwekewa mpango. Kabla ya umeme zile taa za chini zilikuwa za mafuta, mamia kwa mamia. Hewa ndani ya ukumbi iliongozwa ipande kuelekea kwenye chumba kilicho juu ya mlango mkuu, na masizi yakakusanywa huko yakatengenezewa wino. Mayai ya mbuni uliyoyaona yananing'inia kati ya taa huelezwa kuwa ni ya kuwafukuza buibui. Nimewahi kuambiwa hivyo na mlinzi kwa uso mkavu kabisa, na kweli sikuona utando.

Kwenye ukuta wa kibla kuna vigae vya İznik vyenye wekundu wa nyanya mbivu, na hapo ndipo wekundu ule ulipotumika kwa mara ya kwanza kwenye msikiti mkubwa. Ni vichache, vimezunguka mihrabu tu. Vioo vya rangi juu yake vinahusishwa na fundi aliyejulikana kama Ibrahim Mlevi. Jina hilo limedumu karne nne na nusu ndani ya msikiti, na sijasikia aliyelalamika.

Jambo ambalo mwongozaji pengine hakuligusa ni yaliyouzunguka msikiti. Süleymaniye ilikuwa wakfu mzima: madrasa nne, chuo cha hadithi za Mtume, chuo cha utabibu, hospitali, jiko la kulisha maskini na wanafunzi, nyumba ya wageni, hamamu, chuo cha watoto, na maduka ambayo kodi yake ilihudumia vyote. Daftari za ujenzi zimehifadhiwa, wiki kwa wiki, nani alilipwa kiasi gani, na zinaonyesha kuwa karibu nusu ya mafundi huru walikuwa Wakristo, hasa waashi. Baadhi ya madrasa leo ni maktaba yenye miswada mingi ya Kiislamu ya mkono, wasomi wanatoka duniani kote kuifuata. Na mbele ya madrasa za upande wa kusini kuna safu ya vijimkahawa. Zamani mtaa ule uliitwa soko la walevi wa afyuni, sasa wanapika maharage. Maharage meupe, mchuzi wa nyanya na siagi, na wali pembeni. Mtu wa Tanga akila pale atasema kimekosekana kitu kimoja tu, nazi.

Sasa pwani yetu. Kuba haliko kwetu kwa sababu ya boriti na matumbawe, wala si kwa kukosa akili. Mafundi wetu waliezeka kwa boriti za mkoko, na boriti nzuri haizidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vya Lamu na misikiti ya zamani ni vyembamba na nguzo zimesogeleana. Matumbawe huchongeka vizuri yakiwa mabichi, tazama mihrabu zetu, lakini kuyabebesha mzigo wa kuba la mita 26 ni kutafuta msiba. Hata hivyo walijaribu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, katika upanuzi wa karne ya 14, ulipata makuba na mapaa ya mviringo ya matumbawe, na kuba lake kubwa lilibaki kuwa kubwa kuliko yote pwani hii mpaka karne ya 19. Jirani yake upo msikiti mdogo wa makuba ambao bado unapendeza mpaka leo.

Na Waosmani walifika, usidhani hawakufika. Kuanzia 1585 nahodha Mir Ali Bey alikuja kutoka Yemen, na miji kadhaa ya pwani ikamkaribisha dhidi ya Wareno. Akarudi tena na merikebu chache, akakamatwa na Wareno Mombasa mwaka 1589. Alikuja na mizinga. Waashi hakuleta. Wakati Sinan anainua kuba la Selimiye, Mombasa nako msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida huwekwa mwaka 1570, ulikuwa unapata mnara wake mnene uliochongoka juu. Ukiweka picha zake kando ya ile minara ya Istanbul iliyokonda kama penseli, utaona mafundi wawili wa zama moja ambao hakuna aliyemwiga mwenzake.

Safari ijayo ukimaliza kufunga mzigo, usiishie ndani. Nyuma ya ukuta wa kibla wamezikwa Suleiman, aliyefariki vitani huko Hungaria mwaka 1566, na mkewe Hürrem aliyemtangulia mwaka 1558, kila mmoja na kuba lake. Kisha toka nje ya ukuta wa wakfu, uteremke mpaka kona ya kaskazini magharibi, penye njia mbili zinazokutana. Kuna kiwanja cha pembetatu, kidogo, ambacho watu hukipita wakidhani ni bomba la maji la mtaa. Hapo ndipo kwa Sinan. Chungulia kwenye dirisha la chuma: utaona kaburi la jiwe lenye kilemba cha jiwe, na maandishi ukutani yanayomtaja kwa daraja alilolijenga huko Büyükçekmece.